Soko Lisilo na Duka la Magari

Kampuni ya magari iliyotaka kuuza Ifakara ilipaswa kwanza kushindana na mwezi wa Nne. Masika yakikolea, maji hushuka kutoka Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili, mto Kilombero huvuka kingo zake, na mbuga ya kuelekea Minepa, Lupiro na Malinyi hulala chini ya maji kwa majuma. Udongo wa huko ni mweusi na mzito. Kiangazi hupasuka nyufa; ukilowa hushika tairi mpaka injini ikaunguruma bure na abiria wakashuka wenyewe bila kuambiwa. Kwenye barabara ya Mahenge, mto huo haukuwa na daraja hadi miaka ya 2010. Kabla ya hapo kulikuwa na pantoni, na pantoni ilikuwa na siku zake.

Hata hivyo magari yalikuja. Yalitoka Uingereza, Japani, Sweden, China na India, kila moja kwa zama zake. Jambo la ajabu katika historia hiyo ni kwamba kwa zaidi ya nusu karne ilikuwa nadra kabisa kiwanda kumuuzia mtu wa bonde hili gari jipya. Viwanda viliuzia ofisi. Mnunuzi alikaa London, baadaye Dar es Salaam, kisha Geneva na New York. Gari ndilo lililoonekana Ifakara. Mkulima wa mpunga wa Mbingu au Namawala alilifahamu kwa kulisukuma lilipokwama, au kwa kupandishwa nyuma pamoja na magunia.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, gari katika bara la Tanganyika lilikuwa hasa lori la mfanyabiashara wa Kihindi: Chevrolet, Ford au Bedford, lililopeleka chumvi, nguo na mafuta ya taa na kurudi na nafaka au pamba. Lilikuwa chombo cha kiangazi. Mvua zikianza, mizigo ya bondeni ilirudi kwenye mitumbwi ya Wandamba na vichwani mwa watu. Serikali nayo ilikuwa na tabu yake. Ifakara ilikuwa chini ya wilaya ya Ulanga, na mkuu wa wilaya alikaa Mahenge, juu mlimani, ng'ambo ya mto. Kutoka bomani kwake kwenda kwenye mji mkubwa kuliko yote wilayani mwake, bwana huyo alilazimika kushuka mlima, kukata mbuga na kusubiri chombo cha kumvusha.

Gari lililomfaa mtu kama yeye lilibuniwa kwa ajili ya mambo mengine kabisa. Mwaka 1947 kampuni ya Rover ya Uingereza ilikuwa na kiwanda kikubwa Solihull, karibu na Birmingham, lakini haikuwa na chuma cha kutosha. Vita vilikuwa vimekwisha, nchi ilikuwa na madeni, na serikali iligawa chuma kwa viwanda vilivyoweza kuuza nje. Rover ilizoea kutengeneza magari ya waheshimiwa wa mijini, ambayo huko nje hayakuwa na wateja wengi. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey na jipu kuukuu la jeshi la Marekani. Kutokana na jipu hilo akapata wazo la gari la shamba, litakalovuta plau, kuzungusha mashine na kupita pasipo na njia. Bodi lilitengenezwa kwa alumini, kwa sababu alumini haikuwa na mgawo kama chuma. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa Amsterdam. Wenye kampuni walidhani wangeiuza miaka miwili mitatu, chuma kipatikane, warudi kwenye magari yao ya heshima.

Walikosea hesabu, na sehemu ya sababu ni makoloni. Serikali ya koloni haikununua gari dukani kama mimi na wewe. Iliandika hitaji, hitaji likapelekwa kwa Mawakala wa Taji huko London, mawakala wakaagiza kiwandani, na shehena ikapanda meli. Kwa njia hiyo Tanganyika nzima, mabwana shamba, polisi, mabwana miti, wapimaji na waganga, ilikuwa mteja mmoja aliyekaa jijini London. Rover haikuwa na haja ya kujua Lupiro iko wapi. Hapa Afrika Mashariki kampuni ya Cooper Motor Corporation, ambayo watu waliizoea kwa herufi zake CMC, ilishika uwakala, ikauza na kutengeneza kutoka miji mikubwa. Ifakara ilikuwa mwisho wa mnyororo huo, mahali gari linapokwenda kuchakaa.

Serikali haikuwa peke yake. Mapadre Wakapuchini wa Uswisi walikuwa wamekwisha kuota mizizi bondeni, na hospitali yao ya Mtakatifu Fransisko ilikuwa ikikua. Mwaka 1949 akafika Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, akitafuta mahali pa kuchunguza magonjwa ya kitropiki. Mwaka 1957 Taasisi ya Kitropiki ya Uswisi ilifungua maabara yake Ifakara, ile iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Utafiti wa papasi, mbung'o na mbu ni kazi ya kwenda kijiji kwa kijiji na kurudi na vichupa visivyovunjika. Misheni, hospitali na maabara vikawa ngazi ya pili ya soko la magari, na wao pia walilipia kutoka Ulaya.

Landrova ya zama hizo inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana fundi wa bondeni aliisoma vizuri kuliko muuzaji wake. Bodi halikushika kutu. Likigonga mti, fundi alinyoosha kwa nyundo ya mbao, akakata kipande cha bati la alumini, akatoboa, akapiga ribiti, kazi ikaisha bila kuchomelea. Ukipita leo karibu na gereji yoyote kongwe utayaona mabodi hayo yenye viraka hadi kwenye milango, bado yamesimama. Ubaya ulikuwa chini. Chesisi ilikuwa ya chuma, imeungwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani; matope ya mbuga yaliingia kwenye matundu yake, yakakaa humo na unyevu wake, na chuma kikaliwa kwa ndani bila mtu kuona. Dereva aliijua habari siku mkono wa springi ulipong'oka. Ekseli za nyuma nazo zilikuwa na jina baya: gari likikwama, dereva mwenye haraka akakanyaga mafuta kwa hasira, ekseli ilikatika mlio mmoja. Dereva mzoefu wa Kilombero alifunzwa kushuka, kukata matawi, kutandika, na kuondoka kwa gia ya chini bila papara. Ustadi huo haukuandikwa katika kitabu chochote kilichotoka Solihull.

Uhuru haukubadili gari, ulibadili aliyeketi mbele. Landrova ilibaki kuwa serikali yenyewe. Vumbi likionekana mbali, watu walikisia: ni kodi, chanjo au mkutano? Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, magari ya serikali ndiyo yaliyozunguka kusimamia uhamishaji wa watu, na bondeni vijiji vingi vilipangwa kandokando ya reli mpya.

Hiyo reli ndiyo iliyowatia kiwewe wauza magari, kama kweli walikuwa wakiliangalia bonde. Ujenzi wa TAZARA ulianza 1970 kwa mkopo usio na riba kutoka China, na njia ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi 1976. Ilipita Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mbingu, Chita na Mlimba, kisha ikapanda milima kwa mahandaki na madaraja hadi Makambako. Mang'ula palikuwa na kambi kubwa ya ujenzi na karakana. Wapo vijana waliojifunza ufundi pale kwa Wachina na kuishi kwa ufundi huo hadi uzeeni. Treni ya abiria ya vituo vyote, iliyoitwa kipisi, ikawa gari la mama mwenye ndizi na kijana mwenye magunia manne ya mpunga. Mzigo uliosubiri lori la mtu, na bei ya lori la mtu, sasa ulisubiri ratiba. Mahali pa landrova moja pakawa na mabehewa, na bei yake ilimfaa mkulima. Kwa safari fupi bonde lilikuwa na baiskeli, nalo ni tambarare la kupendeza baiskeli: Raleigh za Mwingereza, Phoenix za Mchina, na baadaye Swala zilizotengenezwa nchini. Baiskeli ilibeba gunia, mgonjwa, kuni na bibi harusi, na ilipofika kwenye maji ilipakiwa mtumbwini.

Wakati huohuo Land Rover ilikuwa ikiharibikiwa nyumbani kwake. Rover iliingizwa katika muungano wa British Leyland mwaka 1968, na 1975 serikali ya Uingereza ikalichukua shirika zima kuliokoa lisianguke. Land Rover ilikuwa ikiingiza faida, lakini faida ilikwenda kuziba matundu ya magari mengine yasiyouzika. Wateja wakasubiri miezi mingi, na gari likaendelea na maungo yaleyale huku mizigo ya wateja ikiongezeka. Afrika Mashariki kulikuwa na mkasa wa pekee. Leyland ilikuwa imejenga kiwanda cha kuunganisha magari Thika, Kenya, katikati ya miaka ya 1970, kwa matumaini ya kuhudumia ukanda mzima. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka haukufunguliwa tena hadi 1983. Kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya jirani kikabaki na uzio katikati.

Tanzania nayo ilikuwa na njia yake. Uagizaji wa magari uliwekwa chini ya shirika la umma, State Motor Corporation. Aliyetaka gari aliomba kibali, akasubiri fedha za kigeni zigawiwe, akasubiri tena. Bei ya mafuta ilipopanda, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Vita vya Kagera vikamaliza kilichobaki. Mpango wa wakati huo ulikuwa tusiendelee kununua, tutengeneze. Kibaha, nje kidogo ya Dar es Salaam, viliinuka viwanda viwili jirani: TAMCO, kilichounganisha malori ya Scania kutoka Sweden, na TRAMA, kilichounganisha trekta za Valmet kutoka Finland. Kibaha hiyohiyo jeshi lilianzisha kituo cha Nyumbu, kilichotengeneza lori lake chenyewe. Kwa Scania na Valmet hii ndiyo ilikuwa njia ya kuingia sokoni: mshirika akiwa serikali, na fedha za misaada za nchi zao zikiwa nyuma. Sweden haikuwa mgeni Kilombero. Fedha zake zilisaidia kujenga bwawa la umeme la Kidatu, lenye uwezo wa megawati 204, na malori yake yalijulikana barabara ya Mikumi.

Kasoro ilikuwa rahisi kuiona baadaye. Kiwanda cha kuunganisha hakitengenezi injini. Hufungua makasha yaliyotoka ng'ambo na kufunga bolti. Makasha yanalipiwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni ndizo zilizokosekana. Makasha yasipofika, wafanyakazi wanafagia sakafu. Viwanda vyote viwili vilidhoofika, na mageuzi ya uchumi yakavikuta taabani. Kiwanda cha sukari cha Kilombero, kilichoanza kusaga miwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilijua adha hiyo kwa upande wa mteja: muwa uliokatwa haungoji spea ya trekta itoke bandarini, sukari hupotea muwani.

Katika pengo hilo ndipo Mjapani alipojipenyeza. Toyota ilikuwa imeanza kwa kumuiga Mmarekani waziwazi. Mwaka 1951 ilitengeneza gari la aina ya jipu, na dereva wake wa majaribio, Ichiro Taira, akalipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita ili kuwashawishi polisi wa Japani walinunue. Mwaka 1954 gari hilo likapewa jina Land Cruiser, na aliyelichagua, Hanji Umehara, alikuwa akiitazama Land Rover alipolichagua. Kwa Toyota gari hili lilikuwa mtangulizi. Nchi ambako magari yake madogo hayakujulikana, Land Cruiser ilitangulia, ikapata jina, na mengine yakafuata. Huko Australia, mkandarasi Leslie Thiess aliyaagiza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mradi wa umeme wa Milima ya Snowy, eneo ambalo Mwingereza aliliona ni lake. Hapa kwetu uwakala wa Toyota ulikuja kushikwa na jamaa wa Karimjee Jivanjee, nyumba ya biashara iliyokuwa na karne na zaidi pwani.

Watu hupenda kusema Toyota ilishinda kwa sababu ni imara. Ni kweli, ila si kweli yote. Ilishinda kwa sababu ilipatikana, na spea zake zilipatikana. Na mwaka 1984 ilitoa mfululizo wa 70, gari ambalo hadi leo bado linatoka kiwandani, lenye springi za majani na uti wa chuma kinene. Toleo la injini ya dizeli ya silinda sita, lita 4.2, likaja kuwa kipenzi cha kila fundi wa bara, maana halina kompyuta ya kumnyima usingizi. Lile lenye bomba la hewa lililopandishwa ubavuni hadi usawa wa paa watu wakalipachika jina la mkonga. Ukilitazama likiingia mto wenye maji ya kiunoni, feni limekwisha kufunguliwa mkanda ili lisirushe maji kwenye injini, dereva akishika gia ya pili bila kuachia, unaelewa kwa nini wauguzi wa chanjo walilitaka.

Lakini nani alilipa? Hapa historia ya landrova ilijirudia karibu neno kwa neno. Miradi ya afya, maji, misitu na kilimo iliyomiminika Kilombero na Ulanga tangu miaka ya 1980 ilikuwa na wafadhili wake, na wafadhili walikuwa na taratibu zao za manunuzi. Ipo kampuni nzima kule Gibraltar, Toyota Gibraltar Stockholdings, ambayo kazi yake ni kuyauzia Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada magari ya Toyota yaliyokwisha kuandaliwa kwa kazi za nchi kama zetu: redio, matangi mawili, mkonga, rangi nyeupe. Zama za Mawakala wa Taji zilikuwa zimepita, na barua ya manunuzi ikapata anwani nyingine. Mradi wa vyandarua wa KINET, ulioendeshwa Kilombero na Ulanga kuanzia 1996 na kuonyesha kwamba wanavijiji wako tayari kununua chandarua chenye dawa kwa fedha yao, ulifanyika katika zama hizo za magari meupe. Mwanakijiji aliyeonekana ana uwezo wa kununua chandarua hakuna aliyemfikiria kuwa mnunuzi wa gari.

Aliyemfikiria alikuwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Bajeti ya 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Pikapu zikaingia kama mafuriko. Zilifungwa mabenchi mawili nyuma, abiria wakakaa wametazamana, na watu wakaziita chai maharage. Enzi ya Rais Mwinyi milango ikapanuka zaidi, na miaka ya 1990 ikaleta magari yaliyokwisha kutumika Japani. Sababu yake iko kwenye sheria za huko: ukaguzi wa lazima wa magari, wanaouita shaken, huwa ghali kadiri gari linavyozeeka, hivyo Mjapani huliacha gari ambalo kwetu ndiyo kwanza linaanza maisha. Na Japani, kama Tanzania, huendesha kushoto. Usukani uko mahali pake. Yakaja moja kwa moja au kupitia Dubai.

Hivyo bonde likajaa Toyota bila Toyota. Hiace zikabeba abiria kati ya Ifakara na Mlimba barabara ilipokubali, Noah zikafuata, Fuso za Mitsubishi zikapakia mpunga na mchele hadi magunia yakaning'inia. Wenye viwanda walikuwa wamekwisha kupata faida yao miaka kumi nyuma, kwa mnunuzi wa Osaka au Nagoya. Biashara ya sasa ilikuwa ya mnada, meli, bandari na yadi, na faida iliwaendea watu wa njia hiyo. Spea zilitafutwa Kariakoo na Ilala, nyingi zikiwa za kunyofolewa kwenye magari mengine, zikatumwa Ifakara kwa basi pamoja na risiti iliyofungwa kwa mpira. Fundi alipiga simu, basi likafika usiku, asubuhi gari likaamka. Sijui mfumo wa ugavi wa kiwanda chochote uliowahi kumfaa mtu wa bonde kuliko huo wa kondakta wa basi.

Landrova yenyewe ikawa inapita mkononi kwa mkono: BMW mwaka 1994, Ford 2000, Tata ya India 2008. Mwishoni mwa Januari 2016 Defender ya mwisho, kizazi cha gari la Wilks, ilitoka kwenye mstari wa kiwanda Solihull na waandishi wa habari wa Uingereza wakaililia. Mwisho wa mwezi huohuo kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka mtoni karibu na Ifakara kwa upepo mkali usiku, kikiwa na watu na magari. Hakuna uhusiano kati ya mambo hayo mawili zaidi ya tarehe, lakini la pili lilitokea mlangoni mwa zama mpya bondeni. Daraja lililokuwa likijengwa na Wachina hapo mtoni, lenye urefu wa meta 384, lilizinduliwa Mei 2018 na kupewa jina la Rais Magufuli. Upande wa pili, barabara ya kilometa 66.9 kutoka Kidatu hadi Ifakara ikaanza kuwekwa lami kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Pale palipotaka mkonga, kigari cha mjini chenye tumbo la chini kikaanza kufika kwa miezi mingi ya mwaka.

Wauza mitambo ya shambani nao walijaribu bahati kwa mlango uleule wa ofisi. Kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza, iliyozinduliwa 2009, ilileta pawatila nyingi vijijini kupitia halmashauri, na trekta za India kupitia SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa. Kisha ikaja Ursus ya Poland, ikaunganisha trekta zake Kibaha katika eneo lilelile la TAMCO, kwa mkopo wa serikali ya Poland. Wakulima walilalamikia ubora na spea, na kampuni yenyewe ikafilisika kwao. Kwa mkulima wa Kilombero pawatila ilikuwa na maana: mashamba ya mpunga ni madogo, udongo ni wa maji, na mashine hiyo ikifungwa tela hugeuka gari. Zilizodumu ni zile zilizokuwa na fundi jirani. Nyingine ziliegeshwa uwanjani mwa ofisi ya kijiji zikazaa majani.

Aliyefanikiwa kumuuzia mtu wa bonde chombo kipya, cha kiwandani, kwa fedha yake mwenyewe, hakuja na magurudumu manne. Mwanzoni walikuwa Wachina, na pikipiki za bei nafuu kama SanLG na T-Better. Baada yao Wahindi wakashika sehemu kubwa: TVS, na zaidi Bajaj Auto ya Pune, kampuni iliyoanza kuunganisha skuta za Vespa kwa leseni ya Waitaliano na ambayo jina lake kwetu limekuwa jina la chombo cha magurudumu matatu. Boxer yake ni pikipiki ya zamani kwa muundo, injini moja isiyo na makuu, kiti kirefu, keria ya chuma. India kwenyewe watu walikuwa wamekwisha kuelekea kwenye pikipiki za kisasa zaidi. Afrika ndiko Boxer ilikopata wateja wake wengi. Mwaka 2010 serikali ilitunga kanuni za leseni za pikipiki na bajaji kubeba abiria, kitu ambacho vijana walikuwa wamekwisha kukifanya bila kanuni.

Tazama chombo hiki kinavyofanya kazi Kilombero. Kinapita kwenye tuta la shamba la mpunga, upana wa nyayo mbili. Kinapofika kwenye kijito kilichojaa, kinalazwa mtumbwini, nauli yake ikilipwa kando na ya mwenyewe. Kinabeba gunia, mbuzi, mjamzito anayekwenda Mtakatifu Fransisko, na kamera ya mtafiti wa mbu. Spea zake, mnyororo, sproketi, kebo ya klachi, brashi za breki, zinauzwa kwenye kibanda kilicho kando ya duka la sabuni. Ajali zake pia ni nyingi, na wodi za mifupa zinalijua hilo.

Njia ya kukinunua haikubuniwa na kiwanda. Mwenye fedha, pengine mwalimu, muuguzi au mwenye mashine ya kukoboa, hununua pikipiki na kumkabidhi kijana kwa mkataba. Kijana hupeleka hesabu kila siku au kila wiki kwa muda waliokubaliana. Muda ukiisha na hesabu ikitimia, kadi hubadilishwa jina. Masika, barabara zikifa na abiria wakipungua, mkataba hulegezwa au huvunjika, kutegemea moyo wa tajiri. Mavuno yakiingia, mwenye ekari zake huweza kwenda dukani na fedha taslimu, na ndipo biashara inapochanganya.

Magari meupe bado yapo. Ng'ambo ya daraja, barabara za Malinyi na za vijiji vya kandokando ya mbuga bado zinaitaka Land Cruiser masika, na bado inaagizwa na mtu aliye mbali kwa niaba ya walio hapa. Gari jipya la magurudumu manne lililolipiwa na mkazi wa Ifakara kwa jasho lake, akalitoa kwa wakala likiwa halijawahi kuendeshwa na Mjapani, ni tukio ambalo mtaa mzima huenda kulitazama. Pikipiki mpya, ikiwa na nailoni yake juu ya kiti, haigeuzi shingo ya mtu, isipokuwa labda ya mwenye mkataba wa zamani anayepiga hesabu ya miezi iliyobaki.